Space Trader kwenye simu: pesa zinayeyuka, meli haitoki, mzigo haununuliki

Mchezo ninaouzungumzia ni Space Trader, ule mdogo alioutengeneza Pieter Spronck kwa ajili ya kompyuta ndogo za mkononi za Palm mwanzoni mwa miaka ya 2000, akifuata nyayo za Elite, mchezo wa biashara ya anga wa mwaka 1984. Msimbo wake aliuachia huru chini ya leseni ya GPL. Ndiyo sababu umehamishiwa Android na kwingineko, na ndiyo sababu ukiutafuta dukani unakutana na matoleo ya watu mbalimbali yenye majina yanayokaribiana. Namba nitakazotaja ni za mchezo wa asili. Kama toleo lako limefanyiwa ukarabati, namba zinaweza kupishana kidogo, ila utaratibu ni ule ule.

Unaanza na meli iitwayo Gnat, leza moja, nafasi 15 za mizigo na krediti 1,000, ndizo pesa za humu. Safari inaisha vizuri ukifikisha 500,000, ukanunua mwezi kule kwenye nyota ya Utopia na kustaafu. Katikati hapo ndipo watu wanapokwama, wanafuta programu, wanaipakua upya, na tatizo linarudi vile vile.

Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, tazama kitu kimoja: tatizo linatokea lini? Kama linatokea baada ya kuruka kutoka nyota moja kwenda nyingine, simu yako haina kosa. Kila kuruka ni siku moja, na kila siku mchezo unapitia daftari lako na kukata unachodaiwa bila kupiga kelele. Kama linatokea ukiwa umetulia, umepokea simu au umefungua programu nyingine ukarudi, hapo ndipo tuanze kuishuku simu. Malalamiko mengi ninayoyasikia ni ya aina ile ya kwanza.

Nauza kwa faida lakini salio linashuka

Mshukiwa wa kwanza ni mkopo. Benki ya humu inatoza riba ya asilimia 10 kwa siku, na namna inavyoitoza ndiyo inayowachanganya watu: riba haiongezwi kwenye deni ukiwa na pesa mkononi, inachomolewa kwenye pesa zako taslimu. Chukua mkopo wa 1,000. Ukiruka, zinaondoka 100. Ukiruka tena, 100 nyingine. Baada ya safari kumi umeshalipa 1,000, na ukifungua ukurasa wa benki unakuta deni bado ni 1,000, halijasogea hata kidogo. Mtu anayeangalia deni peke yake anaona mambo shwari, huku mtaji unaliwa.

Siku mkononi ukikauka, riba inageukia deni lenyewe na kuanza kujizidisha. Hapo 1,000 inakuwa 1,100, kisha 1,210, kisha 1,331, na siku ya saba ni 1,948. Yaani imekaribia mara mbili ndani ya wiki moja ya mchezo.

Tiba ni kulipa deni kabla ya kununua mzigo mwingine, hata kama maana yake ni kusafiri na nafasi tupu safari moja. Mimi mkopo naukubali kwa hali moja tu: umeshaona mzigo, umeshaona mnunuzi, na wako umbali wa kuruka mara moja. Mkopo wa kununua mzigo ambao hujui utauzia wapi ni kujitia kitanzi.

Kama huna deni na bado salio linashuka, fungua mipangilio. Kuna kisanduku cha kujaza tangi kila ufikapo, kingine cha kutengeneza bodi ya meli kila ufikapo, na kingine cha kulipia gazeti moja kwa moja. Vyote vitatu vikiwa vimewekwa tiki, unafika bandarini na pesa zimeshapungua kabla hujaona bei hata moja. Cha tangi kiache, kinakuokoa. Cha gazeti kitoe mpaka utakapokuwa na chumo la maana.

Halafu kuna mishahara na bima. Askari wa kukodi anadai kila siku, iwe amepigana au amelala. Bima nayo inakatwa kila siku, na kiasi chake kinategemea thamani ya meli. Kinapungua kadiri unavyokaa bila ajali, lakini ukiisimamisha bima unapoteza punguzo lote ulilokwisha kulijenga. Mtu anayeiwasha na kuizima kila anapoishiwa analipa ghali kuliko aliyeiacha iendelee.

Pesa ninazo, soko lina mali, lakini haliniuzii

Hapa sababu ni nyingi, nitazipanga kwa jinsi zinavyojitokeza mara kwa mara.

Ya kwanza ni kile kisanduku cha kutenga pesa za safari. Kikiwa kimewekwa tiki, mchezo unaficha pembeni kiasi cha mishahara na bima za siku inayofuata, kisha unakuruhusu kutumia kinachobaki. Skrini inaonyesha una 400, wewe unaona 400, lakini kwa macho ya soko una 250. Kisanduku ni kizuri, usikitoe. Jua tu kwamba kipo.

Ya pili ni nafasi za kuacha wazi. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuandika namba ya nafasi ambazo hutaki zijazwe wakati wa kununua. Mtu huandika 5 siku aliyotaka kuokota mizigo ya maharamia waliolipuliwa, halafu anasahau. Wiki mbili baadaye analalamika kwamba Gnat yake ya nafasi 15 inabeba 10.

Ya tatu inafanana na hiyo lakini chanzo ni kingine: kazi maalumu. Ukikubali kupeleka dawa kule Japori, makasha yake yanakalia nafasi 10. Kwa Gnat hiyo ni theluthi mbili ya meli, na soko halitakukumbusha. Angalia orodha ya kazi ulizonazo. Kama ndiyo hiyo, peleka dawa kwanza, biashara itafuata.

Kwa upande wa vifaa na meli mpya, sheria ni kali zaidi: ukiwa na deni lolote, hata la krediti 50, huuziwi leza, ngao, wala meli. Ujumbe unatokea, lakini watu wanaugusa uondoke bila kuusoma. Deni likivuka 100,000 hata mizigo ya kawaida unanyimwa.

Meli haitoki

Gusa nyota unayotaka na usome umbali wake kwa parseki (kipimo cha umbali wa angani), kisha soma mafuta yaliyomo kwenye tangi. Siyo uwezo wa tangi, yaliyomo. Gnat inaweza kubeba mafuta ya parseki 14, lakini kama umetoka kusafiri 9 na hukujaza, una 5. Duara linalochorwa kwenye ramani ya karibu linafuata mafuta uliyonayo wakati huo, ndiyo maana nyota iliyokuwa ndani jana leo iko nje.

Ramani yenyewe haikukosea. Imepangwa hivi kwamba kila nyota kati ya zote 120 ina angalau jirani mmoja ndani ya parseki 13, na hakuna meli inayouzwa yenye tangi dogo kuliko hapo. Kwa hiyo tangi likijaa, daima kuna pa kwenda. Kama pa kwenda papo lakini ni pale pale ulipotoka, huenda uko kwenye kishada cha nyota kilichojitenga, na njia ya kutoka ni mlango wa mkato unaokutupa upande wa pili wa ramani. Mlango huo hautumii mafuta, unatoza ushuru, na meli kubwa hutozwa zaidi. Ukikataliwa pale mlangoni, kinachopungua ni pesa.

Mafuta yakiwa yapo na meli bado imegoma, soma ujumbe wa kukataliwa neno kwa neno. Utakuwa mmoja kati ya hii: huna cha kumlipa askari wa kukodi, huna cha kulipa bima, au deni limepita 100,000 na mamlaka zimekufungia bandarini. Kwa mbili za mwanzo, mfukuze askari au simamisha bima, uondoke. Kwa hiyo ya tatu, uza mzigo wote uliomo hata kwa hasara, upunguze deni mpaka chini ya kiwango.

Na kama huna mafuta, huna pesa, huna mzigo? Benki haikutupi. Mwenye rekodi safi kwa polisi hukopeshwa angalau 1,000 hata akiwa hana kitu, na kadiri mali yake inavyokua anaweza kufika 25,000. Mwenye rekodi chafu anapewa 500, basi. Zinatosha mafuta na maji ya kuanzia.

Bei niliyoiona sio niliyoikuta

Hili ndilo eneo lenye utamu wake, na ndipo mchezaji mpya anapodhani ameibiwa.

Ukiwa nyota moja unaweza kutazama orodha ya bei za nyota nyingine iliyo karibu. Ile orodha ni makadirio. Mchezo unachukua kiwango cha teknolojia cha sayari, aina ya serikali na ukubwa wake, unapiga hesabu na kukupa wastani. Kuna mambo mawili haufanyi. Hauingizi matukio ya siku hiyo, kama vita, ukame au tauni. Na hauingizi maliasili za sayari ambayo hujawahi kuitembelea. Sayari yenye bahari za maji baridi inauza na kununua maji kwa bei ya kutupa, lakini kama hujafika huko orodha yako haijui, inakuonyesha bei ya kawaida. Unapakia maji nafasi zote 15, unafika, unakuta unapeleka maji mtoni.

Dawa yake ni kutembelea sayari za jirani mapema, hata kwa mzigo mdogo, kwa sababu ukishafika mara moja maliasili inaingia kwenye hesabu moja kwa moja. Baada ya kuzijua sayari sita au saba za mtaa wako, orodha inaanza kusema kweli.

Mwelekeo wa jumla nao unafaa kuukariri. Mali ghafi hupanda bei kadiri teknolojia inavyopanda: hesabu ya maji inaanzia 30 na kuongezeka 3 kwa kila ngazi ya teknolojia, na ndivyo ilivyo kwa manyoya, chakula na madini kwa viwango vyao. Bidhaa za kiwandani zinakwenda kinyume: roboti huanzia 5,000 na kushuka 150 kila ngazi. Ngazi ziko nane, kuanzia jamii isiyojua kilimo hadi teknolojia ya juu. Kwa hiyo beba maji na chakula ukipanda, mashine na michezo ukishuka.

Matukio ndiyo yanayotajirisha. Ukame huinua bei ya maji, baridi kali manyoya, mavuno yakiharibika chakula, tauni dawa za tiba, na vita madini pamoja na silaha. Watu wakichoshwa na maisha hununua michezo, na dawa za kulevya vile vile. Pakikosekana wafanyakazi, mashine na roboti. Gazeti ndilo linalodokeza haya, ndiyo sababu nilisema lisilipwe lenyewe kila siku ila linunuliwe pale unapokuwa na pesa za kufuata habari yake.

Kuna lalamiko jingine dogo linaloingia hapa: "nimenunua, nikabadili mawazo, nikauza pale pale, nimepata hasara." Ndivyo inavyotakiwa iwe. Bei ya kununua daima iko juu ya bei ya kuuza. Kitu unachoweza kuuza kwa 100, mwenye stadi ya biashara ya 10 hukinunua kwa 103, na mwenye stadi ya 1 hukinunua kwa 112. Pengo hilo unalilipa katika kila kipande, kila safari. Ukiona faida zako ni nyembamba tangu mwanzo wa mchezo, rudi kwenye pointi 20 ulizogawa kati ya urubani, upiganaji, biashara na ufundi. Aliyemwaga nyingi kwenye mapigano asishangae soko likimbana.

Nimefika na mzigo, hakuna wa kuununua

Sayari iliyo nyuma kiteknolojia haiwezi kutumia kila kitu. Roboti hazina soko chini ya mwanzo wa zama za viwanda, na mashine hazina soko chini ya zama zile zinazokuja baada ya zama za kati. Silaha na dawa za kulevya zinategemea serikali: kuna zinazokataa kabisa zisiuzwe.

Usiutupe mzigo hapo hapo, kwa sababu kutupa bandarini kunatozwa. Kuutema angani ni bure, lakini ukionekana unachafua anga rekodi yako inaharibika. Afadhali kuubeba safari moja zaidi.

Polisi hawaniachi, na kila mauzo yanakatwa

Rekodi ikishuka kiasi fulani, hufanyi biashara mwenyewe tena, unapitia kwa dalali, naye anachukua asilimia 10 ya kila unachouza. Bei za kununua nazo zinapanda. Watu wanaona bei zote zimekuwa mbaya ghafla na kudhani mchezo umeongezewa ugumu.

Kurudisha jina si kazi kubwa. Safiri bila silaha na bila dawa za kulevya, na polisi wakikusimamisha kubali wakague. Wasipokuta kitu, rekodi inapanda. Kuangusha maharamia kunaipandisha pia. Kukimbia polisi huku mkononi huna kosa lolote ndilo jambo la kijinga kuliko yote humu, kwa sababu kukimbia kwenyewe ni kosa. Ukikutwa na magendo, mzigo unachukuliwa na faini inapimwa kwa utajiri wako, kwa hiyo anayekaribia kununua mwezi ana zaidi ya kupoteza kuliko mwenye Gnat.

Chakula kinapotea chenyewe

Una Tribbles. Kuna mahali ulikubali kununua kiumbe kidogo chenye manyoya kwa sababu kilionekana kizuri. Kinazaana. Ukibeba chakula kinakila na kuzaana zaidi. Ubaya wa kweli unauona siku ya kubadili meli: kwa kawaida meli yako inathaminiwa robo tatu ya bei yake, lakini yenye Tribbles inathaminiwa robo moja tu. Meli ya Beetle ya 80,000 inakuwa 20,000 badala ya 60,000.

Ukibeba dawa za kulevya watazila na wengi watakufa, ingawa wakibaki hata wachache wataanza upya, na wewe utakuwa na polisi wa kuwajibu. Kuna tajiri mmoja anayewanunua wote ukibahatika kumkuta. Wale wavumilivu humsubiri yeye.

Mchezo umejifunga na kunirudisha mwanzo

Uliona skrini ya alama kabla ya hapo? Basi mchezo haukujifunga: meli ililipuliwa na hukuwa na chombo cha kujiokolea. Kinauzwa 2,000. Bila hicho, mlipuko mmoja ndio mwisho. Ukiwa nacho unaibuka ukiwa na Flea, meli ndogo ya nafasi 10 isiyo na silaha lakini yenye tangi la parseki 20, na kama ulikuwa na bima unalipwa thamani ya meli. Mzigo haulipwi. Chombo hiki ndicho kitu cha kwanza ningemwambia mtu anunue, kabla ya ngao na kabla ya leza ya pili.

Kama hukuona alama yoyote, na programu ilitoweka wakati umeenda kujibu ujumbe, hapo sasa ni simu. Simu yenye RAM ya GB 2 haina nafasi ya kushikilia mchezo huku WhatsApp na kivinjari viko wazi, na simu nyingi za bei nafuu zina msimamizi wa betri anayeua chochote kilichoko nyuma. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu, tafuta mchezo, uuondolee vizuizi. Kisha jizoeshe kuuacha ukiwa umetua bandarini, usiuache katikati ya mapambano.

Haupatikani dukani, au unakataa kujisakinisha

Android 14 na kuendelea inakataa kusakinisha programu zilizolengwa kwa matoleo yaliyotangulia Android 6.0, na simu kama Pixel 7 haziendeshi kabisa programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani. Kwa upande wa iPhone, iOS 11 ya mwaka 2017 ilizizima programu zote za biti 32. Michezo mingi ya zamani ya biashara ya anga iliishia hapo. Hakuna mpangilio wa kubonyeza kurekebisha hili. Tafuta toleo lililosasishwa, au simu ya zamani iliyolala kabatini.

Ukiamua kuchukua faili ya APK (ile ya kusakinishia programu kwenye Android) nje ya duka, soma ruhusa inazoomba. Space Trader haihitaji intaneti kucheza, haihitaji anwani zako, na haina kazi yoyote na SMS. Toleo linaloomba kusoma SMS kwenye simu ambayo ndiyo hiyo hiyo unayopokelea ujumbe wa M-Pesa au benki, liondoe siku hiyo hiyo.

Nimebadili simu, safari yangu imepotea

Safari yako imehifadhiwa ndani ya simu, na mchezo hauna akaunti ya kuingia. Unapokwenda kwenye maelezo ya programu kupunguza nafasi, kufuta akiba ya muda (cache) hakuna madhara, lakini kufuta data kunafuta meli, mzigo na krediti zote. Kuondoa programu na kuirudisha ni sawa na kufuta data, isipokuwa kama hifadhi rudufu ya Google ilikuwa imewashwa na mtengenezaji wa toleo lako aliiruhusu. Kabla ya kuikabidhi simu ya zamani kwa mwingine, sakinisha mchezo kwenye mpya, ufungue, na uone kama meli yako ipo.